Sarafu Moja Yataka Nidhamu Moja

Katika mabwalo ya chakula na katika vituo vya polisi vilivyo mipakani, swali moja limekuwa likiulizwa tena na tena: je, ni kweli kwamba siku moja mishahara yetu italipwa kwa sarafu mpya itakayotumika kutoka Mombasa hadi Kinshasa? Swali hilo si la mzaha, wala si la mabwana wa mabenki peke yao. Linatuhusu sisi tuvaao sare kuliko linavyowahusu wengi, na kwa sababu hiyo tumeona yafaa tulieleze leo na kutoa rai yetu waziwazi.

Tarehe 30 Novemba, 2013, wakuu wa nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, walitia sahihi hapa Kampala Itifaki ya Umoja wa Fedha. Ilikusudiwa kwamba katika muda wa miaka kumi sarafu moja iwe imekwisha kushika mahali pa sarafu zetu zote. Mwaka 2024 ulifika, sarafu haikufika, na tarehe ikasogezwa mbele hadi mwaka 2031. Wakati huo huo familia imekua: Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Wako wanaonung'unika kwamba viongozi wanakawia. Wako wengine wanaofurahia kukawia huko na kuomba kudumu milele. Sisi hatuko pamoja na kundi la kwanza, wala hatuko pamoja na la pili.

Kwanza na tueleze kwa nini askari hana budi kulifikiri jambo hili. Bei zinapopanda, mfanyabiashara naye hupandisha bei zake asubuhi ile ile. Mkulima mwenye muhogo shambani hula muhogo wake. Lakini askari hulipwa mshahara uliokwisha kupangwa, tena mwisho wa mwezi. Shilingi ikidhoofika katikati ya mwezi, sajini hawezi kupandisha bei ya lindo lake, wala mstaafu hawezi kuitengeneza upya pensheni yake. Zaidi ya hayo, fedha ya nchi inapoharibika, mtu wa sare hupata kipigo mara mbili: mara ya kwanza nyumbani kwake, na mara ya pili barabarani.

Askari polisi waliokuwa kazini mwaka 2011 wanayajua haya. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, mfumuko wa bei katika nchi yetu ulipita asilimia 30. Tangu mwezi wa Aprili watu walikuwa wamekwisha kuingia barabarani kulalamikia gharama za maisha. Polisi aliyetumwa kusimama mbele ya umati ule alikuwa na watoto nyumbani ambao unga wao na sukari yao vilinunuliwa kwa bei ile ile iliyowatoa nje waandamanaji. Alilinda amani kama alivyoapa, lakini aliilinda huku tumbo lake likijua sababu ya ghasia.

Sasa na tutazame nyuma, maana sarafu moja si jambo geni kwetu. Babu zetu walifanya biashara kwa kauri, na mpaka leo ndugu zetu Waganda huita fedha ensimbi, jina la gamba lile la baharini. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kutumika Uganda, Kenya na Tanganyika. Unguja na Pemba ziliingia mwaka 1936. Waitalia waliposhindwa mwaka 1941, shilingi hiyo ilifuata nyuma ya majeshi hadi Somalia, Eritrea na Ethiopia. Askari wa KAR, awe ametoka Gulu, Nyeri au Songea, alihesabu shilingi ile ile.

Lakini tusiitamani shilingi ile kwa upofu. Bodi iliyoitawala ilikaa London hadi mwaka 1960, ndipo ilipohamishiwa Nairobi. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza, na Mwafrika hakuulizwa neno. Sarafu ile ilisimama imara kwa sababu amri ilitoka mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuwa petu.

Uhuru ulipopatikana, jambo lenyewe lilijaribiwa. Mwezi wa Juni, 1963, Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dakta Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho mwaka ule ule. Shirikisho halikuundwa. Kila serikali ikawa na mipango yake ya maendeleo, na kila moja ikataka kuwa na mkono wake juu ya fedha yake. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba bodi itavunjwa, na mwaka 1966 zikafunguliwa benki kuu tatu, ya Tanzania, ya Uganda na ya Kenya. Kwa miaka michache shilingi hizo tatu zilibadilishwa moja kwa moja bila hasara. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila nchi ikaanza kuifungia fedha yake, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa. Sarafu ile haikuuawa na ubovu wa noti. Iliuawa kwa sababu aliyetoa amri aliondoka, na waliobaki hawakukubaliana ni nani atakayeitoa na ni nani atakayeitii.

Wapo wasemao kwamba sarafu ni bendera, na kwamba nchi inayotupa sarafu yake imetupa uhuru wake. Tunawaheshimu wasemao hivyo, kwa kuwa bendera ndiyo tuliyoapa kuilinda. Hata hivyo, na tuulize: je, bendera iliyochapwa juu ya noti ilitulinda sisi? Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi zipatazo saba. Katika miaka ya 1970 maduka yalibaki matupu, magendo yakawa ndiyo soko, na kila kitu kikawa na bei mbili: moja ya kutangazwa na moja ya kulipwa. Ilipofika mwezi wa Mei, 1987, mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 100, na serikali ikalazimika kufuta sifuri mbili. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na aliyekwenda kubadilisha fedha yake alikatwa asilimia 30. Wazee waliotutangulia jeshini hutusimulia jinsi akiba ya miaka mingi ilivyoingia dirishani kwa mfuko na kutoka kwa kiganja.

Leo dola ile ile hununuliwa kwa zaidi ya shilingi 3,000. Tukizirudisha zile sifuri mbili zilizofutwa, ni zaidi ya shilingi 300,000 za zamani. Bendera ilikuwa yetu, nembo ilikuwa yetu, na sahihi ya gavana ilikuwa ya mwananchi mwenzetu. Vyote hivyo havikuiokoa shilingi. Kilichoiokoa ni nidhamu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikubali kutotumia fedha isiyokuwa nayo, na Katiba ya mwaka 1995 ikaipa Benki Kuu uhuru wa kufanya kazi yake bila kuamriwa na mtu yeyote. Basi uhuru wa fedha haumo katika picha iliyo juu ya noti. Umo katika mwenendo wa yule anayeichapa.

Waliokwenda Somalia tangu mwezi wa Machi, 2007, wana ushahidi mwingine. Serikali ya huko ilipoanguka mwaka 1991, noti ziliendelea kuchapwa na yeyote aliyekuwa na mtambo. Noti ya shilingi elfu moja ikawa karibu ndiyo noti pekee iliyobaki sokoni, na Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria baadaye kwamba karibu noti zote zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za bandia. Watu wakakimbilia dola na malipo ya simu. Askari wetu aliyesimama lindo Mogadishu aliona kwa macho yake kwamba mahali pasipo na amri hapana fedha, pana karatasi tu. Na nchi hiyo leo ni ndugu yetu katika Jumuiya, nayo inajitahidi kuijenga upya benki yake kuu.

Sasa tuje kwenye faida, kwa maana zipo na ni kubwa. Mwenye kulinda mpaka wa Busia au Malaba huwaona kila siku wabadilishaji fedha wakiwa na mabunda yao mikononi. Mama anayevuka na ndizi hubadilisha shilingi za Kenya jioni, na kesho hubadilisha tena ili anunue mzigo. Kila anapobadilisha, kipande cha faida yake hubaki mkononi mwa mwingine. Mzigo unaopanda kutoka bandari ya Mombasa huhesabiwa kwa dola, ingawa mwenye mzigo na mwenye lori wote ni Waafrika Mashariki. Sarafu moja ingeziondoa hasara hizi. Ingempunguzia pia polisi kazi ya kuamua ugomvi wa kupunjana, na ingemfaa askari aendaye mafunzoni kwa jirani au katika mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Jumuiya. Soko kubwa lenye fedha moja huvutia viwanda, na viwanda huwapa vijana kazi. Kijana mwenye kazi ni rafiki wa usalama.

Lakini tusidhani kwamba umoja peke yake ni dawa. Wenzetu wa Afrika ya Magharibi na ya Kati wamekuwa na faranga ya CFA tangu mwaka 1945. Mwezi wa Januari, 1994, thamani ya faranga hiyo mbele ya faranga ya Ufaransa ilikatwa nusu kwa tangazo moja. Mwenye mshahara aliyelala na faranga zake aliamka na idadi ile ile, lakini dawa iliyotoka ng'ambo ilimtaka alipe mara mbili.

Huko Ulaya nako, Ugiriki iliingia katika sarafu ya yuro ikiwa na madeni mengi kuliko yalivyoonekana katika vitabu vyake. Mambo yalipofichuka, ilibidi mwaka 2010 ikopeshwe yuro bilioni 110. Kwa kuwa haikuwa tena na sarafu yake ya kupunguza thamani, ilipunguza kitu kingine, yaani mishahara na pensheni. Mwaka 2012 punguzo hilo liliwafikia askari na polisi wa nchi hiyo, na mwaka 2014 mahakama kuu ya mambo ya utawala iliamua kwamba kupunguziwa kwao kulivunja katiba. Mwezi wa Juni, 2015, mabenki yalifungwa, na mwenye akiba akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Kila mwenye sare na aisome habari hiyo mara mbili. Nchi ikiingia katika sarafu ya pamoja kabla ya kutengeneza nyumba yake, deni hatimaye hulipwa na mshahara.

Kwa sababu hiyo Itifaki yetu iliweka masharti manne, nayo si siri. La kwanza, mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. La pili, nakisi ya serikali, pamoja na misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato la nchi. La tatu, deni la taifa, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato hilo. La nne, akiba ya fedha za kigeni itoshe kununua mahitaji ya kutoka nje kwa miezi minne na nusu. Nchi hutakiwa kuyatimiza na kuyashika kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuingia. Nchi zisizopungua tatu zikiwa tayari, zaweza kuanza, na nyingine zikafuata.

Na tujikague wenyewe kabla ya kumkagua jirani. Katika mfumuko wa bei nchi yetu imejitahidi: ulifika asilimia 10.7 mwezi wa Oktoba, 2022, na mwaka uliofuata ukashuka chini ya kikomo. Lakini katika nakisi, miaka ya karibuni tumekuwa tukitumia kupita asilimia 3, na deni limekua. Hatusemi haya kwa kuilaumu serikali tunayoitumikia. Tunayasema kwa sababu askari aliyefundishwa hasemi bunduki ni safi kabla hajaifungua.

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba kabla msafara haujaondoka, kila gari hukaguliwa breki, taa na magurudumu. Gari lenye breki mbovu haliingizwi katika msafara eti kwa sababu saa imefika, wala kwa sababu dereva wake ni rafiki wa mkuu wa msafara. Hubaki karakana, na likitengenezwa hufuata. Hakuna aonaye kwamba gari hilo limetukanwa. Huokolewa gari lenyewe, na huokolewa lile lililo mbele yake mteremkoni.

Kutokana na hayo yote, rai yetu ni hii: Uganda iiunge mkono sarafu moja ya Afrika Mashariki, na iingie ndani yake, lakini isiingie kwa kufuata kalenda, iingie kwa kufuata masharti. Mwaka 2031 ni lengo zuri. Usigeuzwe kuwa amri ya kuondoka na breki mbovu. Na ili umoja huo usimame, twaona mambo matatu hayana budi kutangulia.

Jambo la kwanza ni mkaguzi mwenye meno. Huko Ulaya waliandika kwamba nakisi isizidi asilimia 3. Mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa, nchi mbili zilizo kubwa, zilikuwa zimekivuka kikomo hicho, na adhabu ikawekwa kando. Wadogo waliona na wakajifunza. Kanuni inayowafunga makoplo na kuwaachilia makanali si kanuni. Taasisi itakayosimamia fedha yetu iwe na mamlaka ya kufungua vitabu vya nchi yoyote, iliyo kubwa na iliyo ndogo, na ya kutoa adhabu bila kupiga simu kwanza.

Jambo la pili ni uaminifu siku ya kubadilisha. Wananchi hawajausahau mwaka 1987. Mshahara, pensheni, kiinua mgongo na akiba iliyo katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa, vyote vibadilishwe kwa thamani kamili, pasipo kukatwa hata senti. Kiwango kitangazwe mapema, kwa lugha ambayo mke wa koplo aliye kambini Moroto ataifahamu, na duka lolote litakaloonyesha bei lionyeshe kwa fedha zote mbili kwa muda wa kutosha.

Jambo la tatu ni kutumia tulicho nacho wakati tunangoja. Upo tangu zamani mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaoziwezesha benki zetu kulipana kwa shilingi na faranga zetu wenyewe, bila kupitia kwanza dola. Mfanyabiashara aliyezoea kulipa Nairobi au Dar es Salaam kwa njia hiyo amekwisha kupiga hatua ya kwanza kuelekea sarafu moja. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi nasi tunao wajibu wetu. Sarafu moja itampa mwizi uwanja mpana: noti ya bandia itakayochapwa mji mmoja itaweza kutumika katika nchi nane. Polisi wetu hawana budi kuanza sasa kujifunza kazi hiyo pamoja na wenzao wa nchi jirani, wasingoje noti ifike. Na majeshi yetu yanayatumia mafungu makubwa ya fedha ya serikali. Kila lita ya mafuta inayouzwa kwa magendo nyuma ya karakana, na kila jina la askari hewa linaloandikwa katika orodha ya mshahara, ni sehemu ya ile nakisi inayotuzuia mlangoni. Hatuwezi kuitaka nchi iwe na nidhamu ya fedha hali sisi, tulio mabingwa wa nidhamu, tunaivunja ghalani.

Wakati utafika ambapo askari wa Gulu, wa Nyeri na wa Songea watahesabu tena fedha ya namna moja, na safari hii fedha hiyo haitakuwa imeagizwa kutoka London. Tunautazamia wakati huo kwa furaha. Tunachoomba ni kwamba, mshahara wetu utakapolipwa kwa fedha hiyo mpya, mke wa askari aende nao sokoni na arudi na kikapu kile kile alichorudi nacho mwezi uliotangulia.